Kobe Aliyekaa Eda

Faridi alimwokota barabarani Simbo, siku aliyopeleka abiria akawa anarudi Ujiji na pikipiki tupu. Alikuwa mdogo kama andazi la mia. Faridi alisimamisha pikipiki, akamtia mfukoni mwa koti, na njia nzima yule mnyama akawa anakwaruza kitambaa kama mtu anayedai kuteremshwa.

Nyumbani hakumwambia mkewe ni kitu gani. Alimwambia Ummy afumbe macho akinge mkono. Ummy, ambaye alikuwa na mwaka wa tatu wa ndoa bila mtoto na keshachoka kuulizwa na kila mwenye mdomo, akadhani ameletewa ndizi mbivu. Akapiga ukelele uliowatoa majirani ndani. Faridi alicheka mpaka akakaa chini.

Huyu si wa kudharau, alisema. Kobe huishi miaka mia. Atatuzika sisi na atawazika wajukuu wetu, kwa hiyo bora tuanze kumpa heshima yake mapema. Akamwita Mzee. Tangu siku ile, kila asubuhi kabla hajawasha pikipiki, Faridi aliinama uani akamwamkia kiumbe ambaye hata mwezi hajatimiza: shikamoo, Mzee. Kisha akajiitikia marahaba mwenyewe kwa sauti ya kukwaruza. Bi Mwanakombo, mama yake, alitikisa kichwa na kusema amezaa kichaa, lakini alisema huku anatabasamu. Kati ya watoto watano aliowazaa, Faridi ndiye peke yake aliyekuwa amebaki.

Siku hizo Mzee aliishi vizuri kuliko wengi wetu. Jua likichomoza alitambaa akaliota, likiwa kali akajibanza kivulini nyuma ya pipa. Alitafuna magugu na majani ya tikiti lililojiotea kwenye maji ya kuoshea vyombo, akanywa kwenye kifuniko cha ndoo. Mle ndani hakuna aliyejua kutunza kobe. Ule ua ndio uliokuwa ukimtunza, wao wakadhani ni wao.

Mvua za mwezi wa tatu zilipopamba moto, lori la mchanga lilirudi nyuma bila dereva kutazama, kwenye mteremko wenye utelezi, na Faridi alikuwa nyuma yake. Walimzika alasiri ileile. Jioni Ummy akavishwa nguo nyeupe, akaingizwa chumbani, akawa kizuka. Ndivyo Ujiji wanavyomwita mjane aliye ndani ya eda.

Ummy alikuwa na miaka ishirini na sita. Mama yake alikufa akimzaa, akalelewa na kaka yake Abeid, mbeba mizigo wa bandarini Kigoma, mtu mwema lakini mambo ya wanawake hayajui. Kwa hiyo yote ya kike Ummy aliyapata kwa mama mkwe. Namna ya kukaza nguo alipokuwa bibi harusi, namna ya kupika futari ya watu arobaini, na sasa namna ya kukaa eda. Bi Mwanakombo alimwambia: miezi minne na siku kumi, ndani ya chumba hiki. Msalani uende umejifunika na urudi moja kwa moja, uani usikae hata dakika. Kizuka haoni jua. Na chochote cha marehemu hakitoki kabla kizuka wake hajatoka: koti lake, kofia yake ya pikipiki, makubazi yake, na Mzee.

Wewe unayejua sheria zake, tulia kwanza. Ummy hakujua. Na aliyemwambia alikuwa mama wa marehemu, amekaa sakafuni na macho yamemvimba. Nani angesimama pale aanze kuuliza maswali?

Bi Mwanakombo alitundika kanga dirishani kwa Ummy. Halafu akaenda akatundika nyingine dirishani kwake, chumba cha pili, ingawa mama mzazi hakai eda ya mwanawe. Akawa hatoki. Sokoni aliagiza, misibani hakwenda. Nyumba nzima ikawa giza mchana.

Mzee aliwekwa kwenye boksi la sabuni chini ya kitanda, na ukweli usemwe, ndiye aliyemwokoa Ummy asiingiwe na wazimu. Alizungumza naye kutwa. Alimwambia tuko vizuka wawili humu, vumilia mwenzangu. Asubuhi alimwamkia shikamoo kama alivyoamkiwa na Faridi, ila ile marahaba ilimshinda.

Akamlisha. Hapa ndipo mtu mwema anapoharibu kwa mikono miwili. Ummy alikuwa mwanika dagaa tangu ana miaka kumi na miwili, na Kigoma kila mama anajua kwamba mtoto mwenye miguu milegevu husagiwa dagaa, na mifupa yake, akatiliwa kwenye uji. Kama dagaa hujenga mifupa ya binadamu, kobe ambaye ni mfupa mtupu itakuwaje? Basi Mzee alikula dagaa. Alikula ugali, alikula mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Akakua upesi, gamba likainuka vilimavilima, na Bi Mwanakombo mwenyewe alipochungulia akasema kanenepa, mashaallah.

Mwezi wa nne wa eda, Ummy alimnyanyua amfute, na kidole gumba chake kikabonyea.

Alidhani ameshika vibaya. Akabonyeza tena taratibu, ukingoni, pale palipokuwa pagumu kama kucha ya dole gumba la mguu. Pakaingia ndani, pakarudi polepole. Alimweka chini atembee. Zamani alitembea amejiinua kwa miguu minne kama mtu mwenye shughuli zake, sasa akajiburuta kwa tumbo, hatua mbili, akalala. Ummy aliogopa. Kitu pekee chenye uhai alichoachiwa na Faridi kilikuwa kinaoza mkononi mwake, naye hajui kwa nini.

Alimwendea mama mkwe, akamwambia. Aliomba jambo dogo tu: mimi nibaki ndani, lakini wewe, Mama, mtoe Mzee uani kidogo, pengine anataka hewa. Bi Mwanakombo alimsikiliza mpaka mwisho, hakukasirika. Akasema ikionekana kitu cha Faridi kiko nje, watu watasema mirathi imeanza kugawanywa na kaburi halijakauka. Subiri, mwanangu. Siku zinakwisha.

Rozalia ndiye aliyekataa kusubiri. Huyu alikuwa mwenzake Ummy wa kuanika dagaa, Muha wa Kasulu, anayeingia nyumba za watu na mwakeye yake, salamu ya Kiha, kabla hajaitikiwa hodi. Kila baada ya siku chache alikuja kumpa Ummy habari za ufukweni: dagaa wamepatikana, dagaa wamenyeshewa, nani kagombana na nani. Siku hiyo alimtazama Mzee, akamgeuza, akanyamaza, na Rozalia kunyamaza ni msiba peke yake. Akasema hata mwana mbuzi ukimfungia ndani hulegea miguu. Kesho yake akaja na daktari wa mifugo, mwanamke aliyekuwa akizunguka mtaani kuchanja kuku kideri.

Jina lake Clementina, mwenyeji wa Rombo, amehamishiwa Kigoma mwaka uliopita. Alivua mabuti mlangoni, akamwamkia Bi Mwanakombo kwa heshima, akaketi kwenye mkeka chumbani kwa Ummy. Alimwangalia Mzee macho, akambonyeza gamba, akamvuta mguu kidogo. Akauliza anakula nini. Ummy alipofika kwenye dagaa, yule daktari alifumba macho.

"Huyu hali nyama wala wanga," alisema. "Anakula majani. Majani ya kila namna, si mchicha peke yake. Maganda ya mayai uyasage umnyunyizie. Asubuhi umweke kwenye sahani ya maji ya uvuguvugu, yasimfike shingoni. Lakini hayo yote ni kazi bure bila jua. Chokaa haiendi mfupani bila jua. Jua la asubuhi, saa moja mpaka saa nne, na kivuli kiwe karibu ajisogeze mwenyewe. Na lisiwe la nyuma ya kioo, hilo halimsaidii."

Ummy akamweleza kwamba jua ndilo lisilowezekana, akamweleza na sababu. Zilikuwa zimebaki siku kumi na nane. Clementina alimrudisha Mzee kwenye boksi. Akasema kisheria huyu ni mnyama wa porini na walipaswa kumpeleka maliasili tangu zamani, lakini kwa hali hii atafia njiani, basi tuyaache hayo. Halafu akasema dini yenu siijui sawasawa, siwezi kukufundisha. Ila nilipokuwa Tanga mwenye nyumba wangu alifiwa na mumewe, na nikirudi kazini nilimkuta uani anachambua mchele.

Alipoondoka, Ummy alimuuliza mama mkwe juu ya yule mwanamke wa Tanga. Bi Mwanakombo alikuwa anakunja nguo, hakuinua uso.

"Hao ni wa Tanga," alisema. "Mwanangu yuko kaburini anangoja siku zake zitimie. Ukizivunja kwa ajili ya kobe, utamjibu wewe."

Ummy alirudi chumbani. Angekuwa na mama angemuuliza mama. Angekuwa na ujasiri wa Rozalia angemtuma mtu kwa ustadhi akaulize. Hakuwa na kimoja wala kingine. Alikuwa na hofu ya kumkosea mtu aliyekwisha kufa, na hofu hiyo haina dawa, maana mwenyewe hayupo wa kumwomba radhi.

Alifanya yote aliyoambiwa isipokuwa moja. Rozalia alileta majani, alileta maganda ya mayai ya kuku wake. Dagaa wakakoma. Ummy alisogeza kanga ya dirishani kwa upana wa kidole, akapandisha kioo kimoja, na kila siku saa tatu na nusu mwanga mwembamba uliingia ukaangukia ukutani, ukashuka, ukafika sakafuni, ukapotea. Dakika saba, nane hivi. Ummy alipiga magoti na Mzee kiganjani akaufuata ule mwanga, kutoka ukutani mpaka sakafuni, akitambaa kama mtoto. Nje, hatua sita kutoka pale, jua la kiangazi lilikuwa limejaa ua mzima, linawaka bure. Mwanamke aliyelitegemea jua kwa riziki yake, aliyejua kwa harufu tu kama dagaa wamekauka au bado, alikuwa anaokota makombo ya jua chumbani kwake.

Na mlango haukuwa na kufuli. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye. Kila asubuhi aliutazama. Ulikuwa mlango wa mbao uliopauka, unasukumwa kwa kidole, na siku zote kumi na nane hakuusukuma ila kwenda msalani.

Siku ya kutoka wanawake walikuja, wakamwogesha, wakamvisha, udi ukafukizwa, dua ikasomwa. Bi Mwanakombo alilia kilio kilichowaliza wote. Kabla sahani hazijashushwa, Ummy alishika boksi akatoka. Jua lilimpiga usoni akapepesuka, Rozalia akamdaka kiwiko. Akamweka Mzee chini, pale nyuma ya pipa, pale pale pa zamani. Mzee hakusogea. Lakini baada ya muda alinyoosha shingo, na Ummy akacheka mbele za watu, na nguo zake mpya zikaloa machozi.

Akaanza kwenda naye ufukweni. Alichimba shimo dogo mchangani kando ya mahali pake pa kuanikia, akazungushia mawe, nusu akaifunika kanga iwe kivuli. Wanawake wa dagaa ni watani wasio na haya. Siku ya kwanza walimuuliza kama ameolewa na huyo sasa, na mahari ilikuwa shilingi ngapi. Siku ya pili walimwona anavyomnywesha maji kwa ncha ya kidole, wakaacha. Kunguru walipokuja aliwafukuza kwa ukuti mmoja kutoka kwenye dagaa na kutoka kwa Mzee. Siku ya nne Mzee alifungua jicho lililokuwa limevimba, akang'ata jani la tikiti. Siku ya saba aliinua mguu wa mbele. Ummy alimpigia simu Clementina kumpa habari ya ule mguu, akaongea mpaka salio likaisha.

Siku ya kumi na mbili, saa moja asubuhi, alifunua boksi. Shikamoo, Mzee. Kichwa kilikuwa nusu nje. Alikigusa, hakikurudi ndani.

Rozalia alipofika alimgusa mguu, akamtazama Ummy, akatikisa kichwa. Waliomba simu ya mtu wakampigia daktari. Ummy aliuliza swali moja tu, na Clementina, ambaye angeweza kudanganya, hakudanganya. Alisema mifupa ikishafika pale mara nyingi hairudi. Alisema, ungeanza siku ile niliyokuja, nafikiri angepona.

Alimzika mwenyewe uani, nyuma ya pipa, kwa kijiko cha kuchotea mchele. Bi Mwanakombo alisimama kizingitini akishika fremu ya mlango. Hakukanyaga nje. Ummy alipomaliza akanawa mikono, akapita pembeni yake akaenda kuketi kitandani. Mama mkwe akamfuata, akaketi sakafuni kama siku ile ya kwanza.

"Nilijua," alisema.

Ummy hakuelewa.

"Uani ni ruhusa. Hata kutoka mchana kutafuta riziki, kwa asiye na wa kumlisha, ni ruhusa. Nimekaa eda mimi, nilikaa uani kila siku nikisuka ukili. Na kobe hana eda. Nilijua tangu mwanzo."

Ummy alimuuliza kwa nini. Sauti ilimtoka ndogo sana.

"Wewe bado kijana, na humu huna mtoto. Nilisema ukiliona jua utakumbuka kwamba unaweza kuondoka. Nikikusikia ukutani unaongea na yule mnyama, unamwamkia, nilikuwa naona nyumba ya Faridi bado ina watu. Nilitaka zile siku zisiishe. Basi."

Uchungu wa mwana aujua mzazi, nani atabisha. Lakini Ummy hakuwa na nafasi ya kumhurumia mtu siku ile. Alitamani kumpiga. Alitamani kumtikisa mpaka meno yagongane. Alifikiria siku kumi na nane, alifikiria ule mwanga mwembamba na magoti yake sakafuni, na zaidi ya yote alifikiria ule mlango usio na kufuli, kwa sababu mama mkwe alimdanganya, ndiyo, lakini mkono wa kusukuma mlango ulikuwa wake. Akamwambia Bi Mwanakombo atoke chumbani. Kisha akaazima tena simu, akampigia Abeid aje amchukue kesho.

Asubuhi mzigo wake ulikuwa tayari: begi moja, na koti la Faridi. Alikuwa amenuia kutoka bila kuaga. Akapita mbele ya chumba cha pili, akasimama. Mle ndani kulikuwa na harufu ya nguo zisizoanikwa. Bi Mwanakombo alikuwa ameketi kitandani, ameelekea ukutani.

Ummy aliingia akaivuta kanga ya dirishani ikaanguka. Akachukua kigoda akakipeleka uani, karibu na pipa. Akarudi, akamshika mama mkwe mkono amwinue, na kidole gumba chake kikabonyea. Nyama iliingia ndani, ikaacha shimo, shimo likachelewa kujaa. Ummy aliutazama ule mkono kwa muda mrefu. Akautazama mguu, nao umevimba vilevile. Mama mzima, miezi minne na zaidi, na yeye hakuwa ameona, kwa kuwa alikuwa anamwangalia kobe.

Alimwongoza mpaka nje hatua kwa hatua. Bi Mwanakombo alifunika macho kwa mtandio, akaketi. Ummy akamwekea kikombe cha maji mkononi.

"Saa moja mpaka saa nne," alimwambia. "Likiwa kali, kivuli hiki hapa, jisogeze mwenyewe. Maji unywe. Rozalia atakuja saa mbili, atakupeleka hospitali wakuangalie huo uvimbe."

Nje bajaji aliyokuja nayo Abeid ilipiga honi. Bi Mwanakombo alimshika upindo wa kanga.

"Na kesho nani atanitoa, mwanangu?"

Ummy aliubandua ule mkono kidole kimoja kimoja, bila nguvu, mpaka upindo ukaachia.

"Mlango hauna kufuli, Mama," alisema. Akabeba begi lake, akaenda kupanda bajaji.